Patroni Rémy na Kode ya Mkewe

Sokoni kwetu Bunia kuna mtu anaitwa Patroni. Ukimwona utadhani kweli ni patroni, bosi wa watu: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa hata wakati wa tope, na kwapani amebana faili jeusi ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyeliona likifunguliwa. Jina lake ni Rémy. Gunia hajawahi kubeba, samaki hajawahi kupima. Kazi yake ni kufika, kusalimia watu mmoja mmoja kwa mkono kama mbunge aliyerudi kuomba kura, kisha kutia mkono huohuo katika kopo la mke wake.

Mkewe ni Kaswera. Anauza samaki wadogo wakavu wanaotoka Mahagi-Port, na meza yake imegusana na yangu. Mimi ni Madeleine, nauza mafuta ya mawese, na haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Kama kuna atakayesema nina ulimi mkali, aseme. Akae yeye karibu na Rémy kila siku, tuone ulimi wake utabaki vipi.

Walitoka Butembo na watoto wao vita ilipowachosha. Huko Rémy alikuwa karani kwenye depo ya kahawa, na mpaka leo ukimpa nafasi atakueleza habari za meza aliyokuwa akikalia na kengele aliyokuwa akipiga ili aletewe chai. Alipofika Bunia akatangaza kwamba anatafuta kazi ya kiwango chake. Kiwango hicho bado hakijafika mjini. Kaswera hakukingoja. Alianza na beseni kichwani, akazunguka Mudzi-Pela nyumba kwa nyumba, mpaka akapata meza na kigoda.

Pesa alikuwa akiziweka katika kopo la maziwa ya unga, chini ya meza. Wateja wa asubuhi wakishapungua, Patroni huyo.

“Mama, minaenda ku réunion. Nipatie ya taxi-moto na ya kunywa kidogo.”

Kesho yake si mkutano tena, ni matanga. Siku inayofuata ni rafiki anaoa. Akitoka yeye, anakuja Léon mdogo wake, halafu binamu, halafu mtu anayesema ni binamu. Na kwetu hapa, ndugu wa mume akiona pesa zipo, huwezi kumwambia hazipo. Utasemwa kwamba umemkalia mumeo kichwani, na maneno yatafika mpaka kanisani. Basi Kaswera alikuwa anatoa. Gari la Mahagi-Port likija, yeye anayeweza kuuza magunia matatu ananunua nusu gunia. Aliuza kila siku na biashara haikukua hata kidole, kwa sababu kulikuwa na ukoo mzima unaoila ingali mbichi.

Halafu wakaja watu wa kampuni ya simu. Walikuja na hema, spika na fulana za bure, na kijana mmoja akatupigia kelele kwamba sasa soko letu limekuwa la kisasa, huku yeye mwenyewe akiwa amezama kwenye tope mpaka vifundoni. Nilichukua fulana yake. Naifutia chupa za mafuta, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Kati yao alikuwepo msichana mmoja mwenye akili, Arielle, ambaye hakupiga kelele. Alipita meza kwa meza akieleza: kila muuzaji anapewa kode yake, yaani namba, imechapwa kwenye karatasi ngumu unayoitundika mezani. Mnunuzi anaiandika kwenye simu, anaweka kiasi, jina la muuzaji linatokea ili ahakikishe, anakubali, na pesa zinaingia.

“Na mvua ikinyesha, réseau ikienda, tutakula hiyo karatasi?” nikamuuliza, maana mtandao wa simu kwetu huondoka na wingu la kwanza, na meza zote zikacheka.

Kaswera hakucheka. Alikuwa anaitazama ile karatasi, akili yake iko kwenye pesa.

“Mutu mwingine anaweza kuona makuta iko ngapi ndani?”

“Hapana, mama. Bila code secret, hakuna mutu ataona.”

“Hata bwana yangu?”

Arielle akainamisha kichwa kidogo. “Hata yeye.”

Kaswera akafuta mikono kwenye kitenge, akasema aandikwe.

Kikwazo kilikuwa kadi. Kuandikisha laini na kode kunataka kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na ya Kaswera ilikuwa imefifia kama za wengi wetu: picha imeondoka, jina limeondoka, umebaki na kipande cheupe cha plastiki. Kupata nyingine ni foleni na njoo kesho. Basi akamwomba mumewe atoe ya kwake. Siku hiyo ndipo nilipoona faili jeusi likifunguliwa. Ndani mlikuwa na kadi na gazeti la zamani, basi. Rémy alipoambiwa kwamba jina lake ndilo litakalotokea kwenye simu za watu, alitoa kadi kwa mikono miwili.

Tangu hapo hatukupumua. Mteja akilipa, Patroni yuko begani kwake anachungulia.

“Umeona jina? Ni miye huyo.”

Mteja anasema aksanti, anachukua samaki wake kutoka mkononi mwa Kaswera, na Rémy anavimba mpaka vifungo vinaomba msamaha.

Lakini kode ilifanya kazi, hilo siwezi kulikataa hata kwa ulimi huu. Wenye migahawa wakaanza kumtuma mwendesha pikipiki ya taxi-moto tu kuchukua samaki, pesa zinatangulia kwenye simu. Ugomvi wa chenji na noti zilizooza ukaisha. Kubwa zaidi, Kaswera aliweza kumlipa Moïse, yule anayemletea samaki kutoka Mahagi-Port, bila kumpa dereva pesa mkononi. Ile barabara tunaijua. Imekwisha kupoteza pesa na wenye kuzibeba. Sasa gari likifika, magunia ya Kaswera yamekwisha kulipiwa, na ni magunia mazima. Mimi mwenyewe nikaenda kwa Arielle, kimya kimya, nikaomba kode yangu.

Na kopo? Kopo lilibaki na noti chache za kurudishia chenji. Siku ya kwanza Patroni alitia mkono, akautoa, akautazama kana kwamba umemwibia yeye.

“Makuta iko wapi?”

“Iko mu telefone. Réseau haiko.”

Mtu wa Bunia anaweza kugombana na mkewe, na pasta, na serikali, lakini hagombani na réseau. Rémy akaenda kwenye réunion yake kwa miguu. Léon akaja: réseau haiko. Binamu: réseau haiko. Niliwaona wakigeuka mmoja mmoja, na moyo wangu ukafurahi kama nimeshinda kesi.

Kuelekea Noeli Kaswera alikuwa amekusanya kitu ambacho hakuwahi kukipata tangu atoke Butembo: pesa za mzigo mkubwa, wa msimu wote wa sikukuu. Moïse alikuwa amemwekea magunia pembeni. Ulikuwa mtaji wake wote, umo ndani ya simu ile. Ukitoka, yeye anarudi kwenye beseni.

Jumapili moja, katika kikao cha ukoo, Rémy akasimama na kutangaza kwamba atamnunulia Léon pikipiki. Watu wakapiga makofi. Mtu huyu alikuwa ameona jina lake kwenye simu za watu mara nyingi mno, akaanza kuliamini. Jumatatu akaja mezani.

“Toa makuta ya moto ya Léon. Niliahidi mbele ya batu.”

“Hiyo makuta ni ya samaki, baba. Magunia iko tayari, Moïse anangoja.”

“Kode iko na jina ya nani?”

Kaswera akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja. Akampimia samaki.

Patroni hakurudia swali. Alikwenda ofisi ya simu na kadi yake, akasema amepoteza laini na amesahau namba ya siri. Walitazama kadi, wakamtazama uso, vikalingana. Wakampa laini mpya na namba mpya ya siri. Simlaumu aliyekuwa dirishani. Alifuata sheria, na sheria haiulizi nani ananuka samaki.

Mezani, simu ya Kaswera ikakatika katikati ya malipo. Akaiinua juu, akaigeuza huku na huku.

“Réseau,” akasema.

Nikatazama yangu. Réseau ilikuwa imejaa. Nilimwambia, na laiti ningenyamaza dakika moja zaidi, kwa maana uso wake ulianguka wote kwa pamoja. Alikaa kwenye kigoda na mikono juu ya magoti. Yeye hakulia. Nililia mimi, kwa hasira, mbele ya wateja, na sijutii.

Mchana Rémy akafika amepanda nyuma ya Léon, kwenye pikipiki mpya ambayo bado ina plastiki kwenye kiti.

“Mama, usikasirike. Hii moto itatuletea makuta kila siku.”

Pikipiki ilimpeleka Léon Mambasa kwa wachimba dhahabu, na tangu hapo ni yeye ambaye kila ukimpigia hana réseau.

Magunia ya Mahagi-Port yakachukuliwa na wengine. Noeli ilipita meza ya Kaswera ikiwa tupu, na yeye akarudi kuzunguka na beseni la samaki wa kukopeshwa, akipita milango ileile aliyoianzia. Huku nyuma, sikiliza sasa upumbavu wa mtu mzima. Patroni akaja akakaa kwenye kigoda cha mkewe, chini ya karatasi yenye jina lake, simu juu ya goti, akingoja pesa ziingie. Alikaa hivyo kutwa nzima. Kesho yake akakaa tena. Mteja anakuja, anatazama meza, anauliza samaki wako wapi.

“Unaweza kulipa tu, kode ni ileile,” Rémy anamwambia.

Naapa alisema hivyo. Alidhani pesa zinatoka kwenye namba! Nikamwambia hata mimi ninayo namba, na bila mafuta hainipi hata chumvi. Akaniambia mambo ya finance siyajui.

Kaswera hakugombana naye, jambo lililoniudhi sana, maana nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Alikwenda kupanga foleni ya kadi. Akarudishwa, akaenda tena, akarudishwa, mpaka siku moja akaja nayo, na picha yake ndani inaonekana mpaka kovu la kidevuni. Siku hiyohiyo akaenda kwa Arielle, akapata laini yake na kode yake. Halafu akampigia Moïse.

“Nieleze vizuri,” Moïse akasema. “Ule mutu alikuwa analipa kwa wakati kila gari, ni bwana yako ama ni weye?”

“Ni miye. Jina tu njo ilikuwa yake.”

“Basi mi natuma magunia mbili. Utalipa kisha kuuza.”

Samaki wakarudi mezani, kidogo kidogo. Karatasi ya zamani Kaswera aliitoa, akampa mwenyewe. Rémy aliiweka ndani ya faili. Nyumbani aliendelea kula na kupiga pasi shati lake, na baada ya siku chache za kununa akaanza tena kuja sokoni asubuhi kusalimia watu.

Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwezi, amesimama hivyo mbele ya meza, simu ya Kaswera ikalia. Alikuwa ni mama mzazi wa Rémy, kutoka Butembo. Mikono ya Kaswera ilikuwa ndani ya samaki, kwa hiyo akabonyeza spika kwa kiwiko. Kwa kawaida wao huzungumza Kinande. Lakini bikizee huyo akipandwa na hofu hugeukia Kiswahili, na Kiswahili soko lote linakisikia.

“Kaswera, mwana yangu, makuta ya dawa imefika. Aksanti. Lakini mutoto amenisomea jina, anasema ni jina yako. Miezi yote ilikuwa inakuja na jina ya Rémy, na ninamupigia, ananiambia pokea tu mama. Mwezi ilipita hakuna kitu. Sasa inakuja na jina ya bibi yake. Usinifiche. Rémy amekufa?”

Hata mimi sikujua habari za dawa hizo. Kaswera alikuwa anazituma kila mwezi kwa ile laini ya zamani, na mwanaume huyu alikuwa anapokea shukrani za mama yake bila kujiuliza hata siku moja alituma pesa gani. Wauza unga wa meza za nyuma walikuwa wameacha kupima.

Kaswera akainua macho, akamtazama mumewe kuanzia kola mpaka viatu.

“Hapana, mama. Rémy iko muzima. Iko hapa, amesimama mbele yangu.”

Bikizee akapandisha sauti.

“Iko hapo anafanya nini?”

Rémy akahamisha faili kutoka kwapa moja kwenda jingine.

“Allô? Kaswera? Minauliza, Rémy iko hapo anafanya nini?”

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na kikapu, akangoja naye kidogo, halafu akaomba vipimo viwili. Kaswera akamwekea.