Betri ya Pikipiki kwenye Pantoni ya Pangani

Jamani, hii habari nimeikimbia muda mrefu, kila nikikaa barazani pale Usagara mtu akianza tu "Imrani, hebu tupe ile ya pantoni," mimi hukumbuka ghafla kwamba dukani kuna mteja ananisubiri, lakini sasa video imeshazunguka Tanga nzima na hata jamaa zetu wa Mombasa wameiona (mmoja alinipigia akicheka mpaka salamu ikamshinda), kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana aibu ukiisema kwa kinywa chako walau unachagua pa kuanzia.

Naanzia kwenye gari. Nina Impreza ya buluu, si mpya, ina turbo, na mimi kijana wa duka la magodoro na mapazia, ambaye kazi yangu kutwa ni kuwaambia watu hili laini hili gumu, nikiingia mle ndani huwa mtu mwingine kabisa. Niliitoa turbo iliyokuja nayo nikafunga kubwa zaidi, nikaweka intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo, kule mbele ndani ya bampa, nikabadilisha bomba la moshi lote, fundi mmoja akaja na kompyuta yake akaipangia injini upya, mpaka ikawa ukikanyaga mafuta kwanza hakuna kitu, unasubiri, unasubiri, halafu inaamka! Fyuuuu! Mgongo unagandia kwenye siti, na unajikuta unacheka peke yako kama mwehu.

Sasa ng'ambo ya Pangani, ukishavuka mto ukapita Bweni, kuna shamba la mkonge la zamani lenye kiwanja cha ndege ndogo ambacho ndege hazitui tena. Mwenyewe anaturuhusu Jumapili moja moja sisi wapenda magari tukashindane humo. Tunapanga matairi na mapipa, unashuka na kiwanja moja kwa moja, unakata kona kwenye mapipa, unazunguka ghala bovu, unarudi, na mtu anakupimia muda kwa simu. Hakuna zawadi. Kuna maneno tu, na maneno ya Tanga mnayajua, afadhali upigwe.

Mwenye maneno kuliko wote ni rafiki yangu Bakari, Mdigo wa Moa, ana Mark II nyeupe yenye turbo na sauti kama ya muadhini. Shindano lililotangulia alinishinda kwa sekunde moja tu na ushei, na kwa sekunde hiyo moja nilikula dhihaka za mwezi mzima. Kila akipita dukani anachungulia, "Imrani, una godoro la kulalia walioshindwa?" Mbele ya wateja!

Nikawaza, nguvu ninayo, tairi ninazo, kinachonirudisha nyuma ni uzito. Basi Jumamosi alasiri nikaiingiza gari uani nikaanza kuivua. Nikatoa siti ya nyuma, nikatoa siti ya abiria, zulia, tairi la spea, jeki, mafla ya mwisho inayonyamazisha bomba, vioo vya pembeni, hadi kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma (kwani wa nyuma atakuwa na shida gani na mimi, si nimeshampita?). Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

"Mwanangu, gari umeiuza kwa vipande?"

"Naipunguza uzito, Mama."

"Ungepunguza wewe."

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini nilipokuwa nafunga boneti jicho likaangukia betri. Kubwa, nzito, imekaa pale kama mgeni asiyeaga. Nikasema, aa, hii kazi yake si kuwasha tu? Nikaing'oa, nikachukua betri ya pikipiki yetu ya kupelekea mizigo, nikaifunga kwa waya na mpira, nikazungusha ufunguo na gari ikawaka mara moja. Niliibusu ile betri, wallahi nimeibusu.

Lazima niwaambie na jambo la pili, maana ndilo lililonifanya nisilale wiki nzima. Ijumaa ya wiki iliyokuwa inakuja wazee wangu walikuwa waende Pangani kwa Mzee Nasoro kupeleka posa. Huyu ni mtu wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa Omani, ana mashamba ya minazi pande zote mbili za mto, na binti yake Swabra ndiye aliyekuwa ameuteka moyo wangu miaka miwili. Mzee hajawahi kuniona, alikuwa ananijua kwa jina tu, na Swabra alikuwa ameshanionya kwenye simu, "Baba anapenda mtu mtulivu, Imrani. Mtulivu. Umenisikia?" Nikamwambia mimi nikizidi utulivu ntalala.

Jumapili tukavuka asubuhi vizuri, tukafika, na nyie, ile siku! Jua kali, lami inachemka, harufu ya petroli na mkonge. Bakari akatangulia, akazunguka dakika moja na sekunde arobaini na tatu, akashuka anajipepea kofia, "Nani mwingine? Muuza mito yupo?" Nikavaa helmeti, nikafunga mkanda, nikaenda. Jamani ilikuwa nyepesi! Ilipoamka ile turbo niliona mapipa yananijia mbio kama yana deni na mimi, nikakanyaga breki, nikapiga gia ya pili, mkia ukataka kuhama nikaurudisha, nikazunguka ghala nikisikia kokoto zinapiga chini kama mvua ya masika, nikatoka kwenye kona ya mwisho nimefumba mdomo nimefumbua macho, na nilipopita mstari nikasikia watu wanapiga kelele hata juu ya bomba langu lisilo na mafla. Nimemshinda Bakari! Kwa nusu sekunde! Alikuja akaniangalia, akalizunguka gari, akachungulia ndani kwenye bati tupu, akasema, "Hii si gari, hii sufuria." Lakini alinikumbatia. Mimi nikaruka, nikaimba, nikapiga picha na kila mtu, na ovaroli yangu nyekundu ya mashindano sikuivua hata wakati wa kuondoka, nilitaka barabara nzima ijue.

Tukafika Bweni mchana kupita adhuhuri, maji yamekupwa. Pantoni ikaja, mimi wa kwanza kupanda, nikapelekwa mpaka mbele kabisa kwenye mlango. Nyuma yangu ikapanda harusi. Walikuwa wanatoka kuoa ng'ambo wanamleta bibi harusi mjini, gari yake imepambwa maua, nyuma yake pikapu ya matarumbeta na ngoma, magari ya wazee, na Bakari akabanwa mwisho kabisa nyuma ya lori la nazi. Mhudumu wa pantoni akanigongea, "Zima gari, bosi!"

Nikazima. Lakini turbo ilikuwa ya moto, nikaogopa, nikaacha ufunguo kwenye hatua ya kwanza ili feni iendelee kuipoza. Na kwa kuwa vijana wa matarumbeta walikuwa wameshuka kuja kuitazama gari, wanauliza maswali, mimi nikafungua na muziki kidogo. Kidogo tu! Nawaeleza habari za intakula kama profesa, huku feni inalia, muziki unapiga, na kale kabetri ka pikipiki kanakata roho humo ndani bila hata kuaga.

Pantoni ikagusa upande wa Pangani. Kwa kuwa maji yamekupwa, mlango ukatua kwenye tope, zege la kupandia liko mbele kidogo. Nikaingia, nikavaa helmeti kwa mbwembwe, nikazungusha ufunguo.

Tk.

Nikazungusha tena. Tk. Mara ya tatu hata hiyo tk sikuipata.

"Twende, bosi!" mhudumu anapiga makofi. Nyuma honi moja, mbili, zikawa zote. Mimi ndiye kizibo! Hatoki bibi harusi, halitoki lori, hatoki mtu na baiskeli yake. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Jitu limevaa kama rubani, na gari haliwaki." Nikasikia watu wanacheka, na kutoka mwisho wa pantoni sauti ya muadhini, Bakari amesimama juu ya tairi la lori na simu juu anarekodi, "Imrani! Tia gia ya pili! Wasukume!"

"Nisukumeni jamani, tafadhali!" nikapiga kelele bila kutoka, bila hata kugeuka. Wakaja. Nilihisi mikono mingi inashika nyuma, na vijana wa matarumbeta, Mungu anawaona, wakaona hii nayo shughuli, wakaanza kupuliza! Basi gari ikashuka mlangoni kwa tarumbeta na ngoma, akina mama wanapiga vigelegele, nami ndani ya helmeti natiririka jasho, naingia topeni taratibu. Kioo sina hata kimoja. Sijui nani ananisukuma, na nakiri sikujali.

Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi haraka mno. Gari ikakwama ghafla na nyuma nikasikia vifua vinagonga bati, pu, pu, pu, na mtu akasema "Astaghfirullah!" Nikakanyaga klachi tena. "Tena! Tena kidogo!" Wakasukuma tena, wanaume kweli. Nikaachia klachi, safari hii na mafuta nimekanyaga mpaka chini.

Iliwaka. Ilipiga mshindo kwenye lile bomba tupu kama mzinga wa Idi, moto ukatoka, turbo ikaamka palepale, na matairi yote manne (manne! ndiyo sifa ya gari yangu) yakaanza kuchimba tope la mto Pangani na kulitupa nyuma kwa nguvu zote nilizozifunga kwa mikono yangu. Kisha ikachomoka, ikapanda zege, mimi nikapiga ngumi hewani, "Twendeee!"

Nikasimama juu, nikaacha injini inaunguruma, nikavua helmeti nishuke kushukuru. Tarumbeta zilikuwa zimenyamaza. Ndipo nikageuka.

Walikuwa wamesimama mstari, watu kama wanane, na nilijua walikuwa wamevaa kanzu nyeupe kwa sababu mgongoni bado zilikuwa nyeupe, walipogeuka kutazamana. Mbele ilikuwa tope tupu, kutoka kofia hadi viatu. Mmoja wa tarumbeta akaigeuza tarumbeta yake na tope likachuruzika polepole. Katikati yao mzee mrefu, amesimama wima, ndevu zake zinadondosha matone, na mikono yake bado iko mbele vilevile alivyokuwa anasukuma.

Nikakimbia. "Shikamoo mzee! Nisamehe mzee wangu, nisamehe kwa Mtume!"

"Marahaba," akasema. Akafuta jicho moja kwa kidole, kisha la pili. "Mtoto wa nani wewe?"

Niligutuka, maana swali hilo huku kwetu halina pa kujificha. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mtoto wa Hashimu, mzee. Wa magodoro. Usagara."

Mzee akaitazama ovaroli yangu, akaitazama gari inavyotetemeka pale juu, akanitazama tena.

"Ndio nyinyi mnaokuja kwangu Ijumaa?"

Nilitamani maji yajae saa ileile yanibebe mpaka Pemba. Na hapo kijana mmoja wa harusi akashindwa kujizuia, akacheka, akacheka wa pili, kivuko chote kikaangua kicheko, nami nimesimama nimeinamisha kichwa kama nasomewa talaka kabla ya ndoa. Mzee Nasoro peke yake hakucheka. Aligeuka akapanda gari yake na tope lake.

Nyumbani Baba alikuwa ameshaiona video kabla sijafika. "Mimi siendi," akasema. "Nitamwangaliaje mtu uliyemsiliba tope?" Mama akalia kidogo, kisha akaniomba simu aiangalie tena, na mara ya pili akawa analia kwa kicheko. Swabra hakupokea simu siku mbili. Siku ya tatu akapokea, akaniambia neno moja tu, "Mtulivu," akakata.

Alhamisi Mzee akapiga mwenyewe kwa Baba. Waje kama walivyoahidi, na kijana naye aje. Kwenye posa kijana mwenyewe haendi, mnajua, ni kazi ya wazee, kwa hiyo tulijua naitwa kuvuliwa nguo kwa maneno. Tukaenda. Nimevaa kanzu, nimekaa mwisho wa mkeka karibu na mlango, macho chini. Wakasoma fatiha, zikaja halua na kahawa, na kabla mshenga hajafungua mdomo Mzee akainua mkono.

"Kabla hatujasema neno. Wewe kijana. Leo umekuja na nini?"

"Bajaji, baba," nikasema. "Tangu Tanga."

"Iliwaka?"

"Iliwaka, baba."

Akatazama kikombe chake muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka, anacheka mpaka kahawa inamwagika kwenye kanzu nyingine tena nyeupe. "Basi tuendelee," akasema, na wakaendelea.

Kwa hiyo mimi bado nakimbiza gari, msinielewe vibaya, hilo sitaliacha. Lakini nimeapa kiapo kimoja, na nakishika: nikikwama mahali, pantoni au barabarani au popote, sitaomba msukumo mpaka nishuke, niende nyuma, nimwamkie kila aliyesimama pale, mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo, habari za nyumbani. Honi zipige zitakavyo. Kwanza nijue nani ananisukuma.