Picha Namba Moja

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni nzima binti yangu Rehema alikuwa na simu yake, ananitafutia picha tano nilizozipenda kuliko zote, za enzi za kanda, nilipokuwa na banda la video hapa Makambako. Daktari ameshasema macho haya hayana muda mrefu, nami nilitaka kuziona tena kabla hayajazima. Ya tano, ya mamba, ikapatikana. Ya nne, ya wezi wa farasi, ikapatikana. Ya tatu ya harusi iliyoungua na ya pili ya ndugu mabondia, zote zimo. Namba moja haimo. Ile ya kijana Mhindi anayembeba mgongoni mama yake kipofu, kisha anakwenda kujifunza kupigana kwa Wachina ili alipize kisasi.

"Baba," Rehema akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "labda hiyo picha haipo. Labda ni umri."

Umri! Mimi niliyeishia darasa la tatu nikasimamisha banda la mabati, nikanunua deki na jenereta kwa jasho langu, leo niambiwe nimeiota picha. Nikaenda kulala.

Nikajikuta bandani. Ni mchana wa Idi, jua linapenya matundu ya mabati na kutua vichwani mwa watu. Mabenchi yamejaa. Nasikia harufu ya petroli. Na pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, amesimama Sadiki, mtafsiri wangu, ambaye siku ya kumzika niliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Hakujua Kihindi, hakujua Kichina. Lakini picha yoyote uliyomwekea aliitia Kiswahili: mama, adui, hata farasi. Watu hawakufuata televisheni yangu. Walimfuata yeye.

Sikushangaa. Nilimsogezea kiti. Hakukaa.

"Bado mbishi?"

"Bado. Wanasema picha yangu namba moja haipo."

Akacheka mabega tu, bila sauti. Ananishika mkono, tunatoka nje, na nje si Makambako, ni ndani ya ile televisheni. Yule kijana anapita na mama yake mgongoni, karibu niguse ncha ya sari.

"Hii kanda ya kwanza," anasema Sadiki.

Ukungu unashuka. Unapoondoka, kijana ni mwingine, uso mwingine kabisa, amepiga magoti mbele ya mzee mwenye kipara.

"Hii ya pili. Siku ile mwenye kanda alikosea, akatukodishia ya picha nyingine. Wewe uko nje unagombana na jenereta. Banda limejaa. Ningefanyaje?"

Hapo nikakumbuka. Nimerudi mlangoni, namsikia kwenye kipaza: "Machungu yamembadilisha sura, jamani, mtazameni!" Nasi tukaamini. Mtu wa benchi la nyuma akapayuka, "Na huyo mzee kipara?" Sadiki hakumeza hata mate: "Mama yake huyo! Kanyolewa hospitali!" Watu wakavunjika mbavu. Lakini mwishoni, kijana alipomkumbatia yule mzee, Sadiki akaitoa sauti ya mama: "Mwanangu, sikuoni, ila nakujua kwa mikono." Banda zima likalia. Na mimi nikalia, mikono imejaa grisi.

"Kwa hiyo kweli haipo," nikamwambia.

"Unayo wewe."

Akaniwekea kipaza sauti kiganjani. Kina joto, kama zamani. Nikamwambia ahsante. Ahsante kwa banda, kwa nyumba niliyojenga, kwa watoto waliosoma kwa sauti yako. Nilikuwa na mengi bado.

"Jenereta inazima hiyo," akasema. "Wahi."

Nikafumbua macho. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika, na kiganja changu bado kina joto. Nilikwenda jikoni nikipapasa ukuta. Rehema alikuwa anabandika chai.

"Weka simu chini, mama. Kaa hapo."

Nikachukua mwiko, nikausogeza mdomoni, nikaanza. Nilimbeba yule mama mgongoni, nikapandisha mlima, nikamwaga machozi ya Kihindi. Chai ikachemka ikafurika, hakuna aliyeinuka. Nikafika kwa Wachina.

"Subiri, baba," Rehema akadakia. "Huyo mzee kipara ni nani tena?"

"Mama yake," nikamjibu. "Kanyolewa hospitali. Nyamaza, utazame."