Deni la Dubai Lililomfuata Razaki Makaburini

Abdulrazaki alikuwa mwepesi wa ngumi kuliko wa maneno. Enzi za ruksa, kila mwenye vijisenti alipofungua duka, yeye alirudi Ulemo kutoka Dubai na mashine ya kukamua alizeti, na aliyethubutu kumuuliza kaipataje alirudi kwake anatema damu. Karani wa posta aliyemkabidhi barua ya tatu ya benki ya Dubai alizabwa kofi mbele ya wateja. Mkewe Kauthar aliisoma ya nne kwa sauti, akavunjwa mkono. Ukatili mtupu, na mimi simtetei.

Kisa chenyewe kifupi. Kule Dubai alikaa kwa Tamimu, mtoto wa baba yake mdogo, na Tamimu akamwombea benki kadi ya pili ya mkopo kwenye akaunti yake, ndugu yake asilale njaa mpaka apate kazi. Razaki aliitumia kadi ile kama shamba la bibi. Alinunulia mashine, akaisafirisha, akapanda ndege bila kuaga. Aliamini deni la ng'ambo halivuki bahari. Halikuvuka kweli, zilivuka barua tu: lenyewe lilimkuta Tamimu hukohuko, akasukumwa gerezani.

Miaka minne baadaye akafa Mzee Abdulmajidi, baba yake Razaki. Siku hiyo Razaki alitaka jambo moja tu: ashuke kaburini ampokee baba yake kwa mikono yake, kama ipasavyo mtoto mkubwa, na Ulemo nzima ione. Jeneza liliwekwa chini pembeni ya makaburi. Kabla ya kuswalia maiti, mtoto mkubwa husimama kutangaza madeni ya marehemu. Aliposimama, akamwona Tamimu nyuma ya watu, amekonda, ameshuka asubuhi ile na basi la Dodoma. Nusura aketi tena. Lakini mila ni mila.

"Ndugu zangu, anayemdai baba aseme, nitalipa mimi. Na anayedaiwa na baba naye aseme."

Tamimu akanyoosha mkono. "Mimi hapa, kaka..."

Hakumaliza. Razaki aliruka safu mbili za watu, akamtandika ngumi ya mdomo, akamwangusha, akamkanyaga mbavu. Kanzu ikalowa damu. "Umekuja kunidai mbele ya maiti ya baba! Nitakuzika naye!" Watu walikimbilia kulishika jeneza lisipinduliwe. Akanyakua jembe la wachimba kaburi, akaliinua juu ya kichwa cha ndugu yake, na lingeshuka kama Bonifasi, jirani yao, asingemkaba shingo kwa nyuma hadi akaliachia.

Tamimu akapiga magoti, akatema jino. Alizungumza na shehe, hakumtazama Razaki.

"Shehe, sikuja kudai. Ninadaiwa. Nilimwandikia baba mkubwa kutoka gerezani. Akauza ng'ombe wake wote wa Kinyangiri, akalipa lile deni la kadi, nikatoka. Akaniapisha nisimwambie mtu, mwanawe asiaibike. Niliahidi kumrudishia nikipata kazi. Hizi ni za kwanza." Akatoa bahasha, nayo ina damu.

Razaki alikuwa ameambiwa na baba yake kwamba ng'ombe wale waliisha kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, naye akamcheka mzee usoni, akamwita mzembe asiyejua kufuga. Mzee alicheka naye. Sasa kicheko kile kilimchoma moyo kuliko kisu, akatamani apigwe yeye, na mtu yeyote.

Hakuna aliyempiga. Swala ikaswaliwa. Razaki akavua viatu, akasogea ukingoni ashuke. Shehe akamwekea mkono kifuani.

"Wewe baki."

"Shehe, ni baba yangu!"

"Najua. Baki. Tamimu, shuka."

Tamimu akashuka, ubavu mmoja ameushika, akampokea baba mkubwa wake, akamlaza. Wanaume wakaanza kufukia kwa zamu, jembe likitoka mkono huu kwenda ule. Lilipomkaribia, Razaki alinyoosha mkono. Aliyekuwa nalo akamruka, akampa mtu aliyesimama baada yake.