Sahani za Ukoo wa Fikirini

Fikirini alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Chikongola, nyumba ya saruji mtaa wa Chuno, na ukoo ambao alikuwa akiununua kidogo kidogo.

Zamani hakuwa na haja ya ukoo. Baba yake, mzee Chande, alilima mihogo Likombe mpaka siku ya kufa kwake, na mlima mihogo hana nafasi ya kuhesabu mababu. Lakini siku moja Fikirini alialikwa maulidi kwenye nyumba kongwe ya Mzee Ismaili kule Mikindani, akaona ukuta wenye vishubaka, na katika kila kishubaka sahani ya kale, nyeupe yenye maua ya buluu. Paa la nyumba ile lilikuwa likivuja, na kanzu ya mwenyewe ilikuwa na kiraka. Hata hivyo watu walimwamkia kwa unyenyekevu ambao Fikirini, pamoja na duka lake, hajapata kuamkiwa. Akakata shauri kwamba siri yote iko kwenye sahani.

Akaita fundi, ukuta mpya ukatobolewa vishubaka. Kisha akaanza kuwazungukia vikongwe wa mji, akinunua sahani zenye nyufa, mabakuli yaliyopasuka, na birika la udongo lisilo na mdomo. Kizima hakukitaka. Kizima, alisema, kinanuka duka.

"Baba Salma, wenzio huuza vibovu wakanunua vizima," mkewe Mwasiti alimwambia.

"Wewe hujui mambo ya kale," akajibiwa, naye akarudi jikoni kupakua wali kwenye sahani za bati.

Kila sahani ilipopanda ukutani ilipata babu wake. Hii ilitoka Shirazi na babu wa tano. Ile, babu wa saba alitunukiwa na sultani kwa ushujaa. Ikafika mahali mababu wakazidi vishubaka. Mzee Chande peke yake ndiye hakupata hata kisosi, na nyumbani ilikuwa marufuku kumtaja mbele ya wageni.

Tusimcheke sana, maana alikuwa na lake moyoni. Binti yake Salma alikuwa akipendana na Iddi, mtoto wa Mzee Ismaili yule yule, na mtoto wa kike hali wala halali. Posa ilishaletwa, lakini wazee wa Mikindani walikuwa wakijivuta. Waliuliza: hawa ni watu gani hasa? Fikirini aliamini kwamba akikosa jibu, mwanawe atakosa mume. Basi waliposema Ijumaa watakuja kuzungumza, akaona ukuta bado haujatosha.

Hapo ndipo alipotokea Lukasi, mchuuzi wa vikorokoro kutoka Newala. Mwaka ule watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Lukasi alipita kwenye mahame akiokota vilivyoachwa. Akafunua gunia, akatoa chungu kidogo cheusi, kimechorwa michoro mwili mzima, kina vinundu vya ajabu ajabu.

"Cha chifu hiki, mzee," Lukasi alisema, naye hakujua lolote.

Fikirini akakilipia bila kuomba kupunguziwa, akakiweka juu ya meza, katikati ya sebule.

Sasa, chungu kile kilikuwa cha makungwi, cha kuwafundia wari, wasichana waliovunja ungo, ndani ya unyago. Mwanamume hakioni, na akikiona hajui akionacho. Mwanamke aliyefundwa amekula kiapo asimwambie mwanamume yeyote, hata mumewe, hata nyumba ikiungua. Kilitumika kufundishia nini? Msiniulize mimi. Mke wangu naye amekula kiapo.

Mwasiti aliingia na kahawa, akakiona, akafunika uso kwa kanga.

"Kitoe hicho!"

"Kwa nini?"

"Kitoe tu, baba. Kitu cha wanawake hicho."

"Vyungu vyote ni vya wanawake," Fikirini akamjibu kwa busara yake. "Mimi ndiye ninayepika?"

Mwasiti akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, mume akakifunua. Akakificha uvunguni; mume akakitafuta mpaka akakipata, akakipaka mafuta ya nazi king'ae. Maskini Mwasiti! Akisema, amevunja kiapo. Akinyamaza, mwanawe anaaibishwa.

Ijumaa wageni wakaja: Mzee Ismaili, mdogo wake Shabani, na mama yao Bi Halima, ajuza aliyekuwa amefunda nusu ya wanawake wa Mikindani. Bi Halima akakiona chungu kabla hajakaa. Akakohoa. Akamtazama Mwasiti, Mwasiti akatazama sakafu.

Fikirini akaona kimya kile ni heshima, na ulimi ukamteleza. "Hicho ni cha mababu," alisema. "Katika ukoo wetu, wanaume hurithishana. Babu alikuwa akinywea uji kila asubuhi, na mimi mwenyewe utotoni nimekinywea."

Bi Halima akapaliwa na kahawa. Ikabidi Shabani ampigepige mgongoni, naye machozi yanamtoka, na hakuna mwanamume aliyejua kama analia au anacheka.

Alipopata pumzi, uso ukawa mkavu. "Mwanangu, chungu hiki hakijapata kurithiwa na mwanamume tangu dunia iumbwe. Kwa nini, sikwambii. Niambie wewe: na hizo sahani ukutani, ni za kweli kama uji huo?"

Fikirini akaugeukia ukuta. Akafungua kinywa kumtafuta babu wa kumwokoa. Mababu wote walikuwa wamekimbia. Nyuma ya pazia Salma alisikika akijizuia kulia.

Ndipo Mwasiti alipokaa kitako mbele ya wageni. "Bi mkubwa, vyote unavyoviona humu tumevinunua. Kila sahani, kila bakuli. Binti huyo tu ndiye hatukumnunua popote. Nimemzaa mimi na huyu bwana, tukamlea wenyewe. Kama mmefuata sahani, njia mnaijua."

Mzee Ismaili akainamisha kichwa, na kidole chake kikawa kinafunika kiraka cha kanzu. Bi Halima akakitwaa chungu, akakitia chini ya kanga yake.

"Sisi tumemfuata binti," alisema. Kisha akamgeukia Fikirini, sauti imelegea. "Baba yako aliitwa nani, mwanangu?"

"Chande," Fikirini akasema.  "Alikuwa akilima mihogo."

"Tumwombee, kisha tuisomee posa."

Wakainua mikono. Ukuta ule ulikuwa na mababu wengi, na hata siku moja hakuna aliyewahi kusomewa Fatiha. Mlima mihogo wa Likombe alisomewa siku ile na watu wa Mikindani, na mwanawe alilia waziwazi, akashindwa hata kuitikia amina.