Maini Niliyomlisha Mbwa Wetu

Daktari alituonyesha uvimbe wa maji kwenye ini la binti yangu, kisha akauliza kama nyumbani tunafuga mbwa. Tunaye. Kwa miaka minne nimemlisha nyama mbichi, kwa kuwa nilisoma kwamba ndiyo chakula chake cha asili. Mchinjaji mmoja wa hapa Garissa alikuwa akiniwekea kila wiki maini ya mbuzi yenye malengelenge ya maji.

“Mwalimu, hii binadamu hawezi kula,” alisema akicheka. “Pelekea ile mtoto yako ya mkia.”

Nilimshukuru kila Ijumaa. Daktari alieleza kwamba minyoo hutoka kwenye maini hayo na kuingia kwa mbwa, na mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, hunata kwenye manyoya na kufika mikononi mwa watoto. Mdogo wake binti yangu, aliyezoea kumlalia mbwa huyo kama mto, bado hajapimwa.