Mtoto Aliyefichwa Jua

Scholastique ni mwanamke wa kijiji cha Bule, mcheshi wa kuzaliwa. Zamani akicheka yeye, hata aliyefiwa alitabasamu. Nasema hili kwa ajili ya wale waliomjua hapa Bunia tu, wanaomwita mama mwenye roho ngumu. Roho ngumu gani? Mume wake, Étienne, aliuawa na wanamgambo mchana kweupe katika shamba lao la maharagwe. Yeye akakimbia na kitoto chao cha miezi mitano, Ketsia, mgongoni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alipopata chumba mjini, aliziba dirisha kwa turubai, akamweka mtoto ndani. Akienda sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo, alimwacha Ketsia na bibi yake waliyekaa naye, na bibi naye alikatazwa kutoka naye. Hata nguo za mtoto zilianikwa ndani, jirani asijue kuna roho nyingine ya kutafutwa. Miaka minne ikapita hivyo. Mtoto alishiba, tena alipendwa mno.

Lakini alichelewa kutembea, na alipotembea alikuwa na matege. Kifua nacho kilimbana kila mara. Siku alipobebwa kupelekwa zahanati, majirani wakanong'ona uchawi. Wapumbavu!

Muuguzi Fabien alivishika vifundo vya mikono vilivyovimba, akauliza taratibu:

"Mama, huyu mutoto anaonaka jua?"

"Apana. Niko namuchunga."

"Mifupa yake inakosa vitamini D. Jua ikipiga ngozi, mwili unaitengeneza. Ikikosekana, mifupa inakuwa laini, misuli inachoka, hata kifua inagonjwa mbio. Tutamupa dawa ya matone, na ndagala, wale samaki wadogo, akule. Lakini weye umutoe inje kila siku."

"Ni miye nilimufanya hivi?"

Fabien akaigusa miguu ya mtoto. "Angali mudogo, mama. Miguu inaweza kunyooka."

Scholastique alilia njia nzima, mbele za watu. Kumlinda kote kule, kumbe alikuwa akimwumiza kwa mkono wake mwenyewe! Uchungu huo mimi sina neno la kuutuliza.

Kesho yake, jua lilipopanda, alitandika mkeka uani, akamketisha Ketsia miguu wazi. Yeye mwenyewe akaketi kando yake, akitazama njia. Watoto wa jirani wakaja mbio, wakamwita wacheze. Ketsia akapiga kelele, akatambaa hadi chini ya kitenge cha mama yake.

"Mama, funga mulango," akalia, na pale uani hapakuwa na mlango wa kufunga.