Kamba ya Mzee Dionisi

Shuleni kwetu Ifakara, miaka ile ya tisini, mwanafunzi mlemavu alipewa heshima moja tu: kukaa. Wenzake wakitoka asubuhi kwa mchakamchaka, wakiimba na kutimua vumbi, yeye aliachwa kwenye benchi alinde masweta yao. Nasi walimu tukajiona watu wa huruma kweli.

Kisha akaja Mwalimu Febronia, binti wa mkata miwa wa huko mashamba ya sukari, mfupi wa kimo, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Akapewa michezo na afya, masomo ambayo sisi wa hesabu tuliyaona ya kupumzishia akili. Akamkuta Valeria wa kidato cha pili benchini, mguu wa kushoto umenyauka kwa polio, gongo pembeni. Akamwomba anyanyuke, akalibeba benchi mpaka stoo, akafunga mlango.

Tukamlaumu ofisini. Akatusikiliza mpaka mwisho.

“Mdogo wangu alikuwa na mguu kama ule,” akasema. “Nyumba nzima tulimwonea huruma. Maji tukamtekea, chakula tukampelekea alipoketi. Alipofika umri wa kuoa, hata msalani alikuwa hawezi kujipeleka. Polio haikummaliza. Tulimmaliza sisi.”

Tukarudi kusahihisha madaftari.

Darasani akamfundisha Valeria kunyoosha misuli, na kukagua kwapa linalosuguliwa na gongo kabla halijawa kidonda. Uwanjani akaliketisha darasa zima chini, wacheze mpira wa wavu hapo hapo walipoketi. Ukinyanyua makalio, umekosa. Wavulana warefu, waliozoea kutamba, walihangaika kama samaki perege waliomwagwa kwenye mkeka. Valeria alikuwa amekulia kwenye mtumbwi wa baba yake, akipiga kafi. Mikono yake haikuwa ya mchezo.

Lakini habari haisafiri bila kuongezwa chumvi. Idete, kijijini kwa kina Valeria, ilifika hivi: shuleni wanamburuza mtoto wa Dionisi chini, wamemnyang'anya hata benchi.

Mzee Dionisi akaja na baiskeli, kamba ya katani imeviringwa kwenye keria. Mimi ndiye niliyempokea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Nimefuata mtoto wangu na sanduku lake. Kama ni kuteseka, akateseke kwao.”

Nikaingiwa na hofu. Binti akishatolewa shule, tena mlemavu, na mpunga unangoja kuvunwa, nani angemrudisha? Nikampeleka uwanjani, akiikokota baiskeli yake.

Tulikuta mchezo umesimama. Kamba ya wavu ilikuwa imeliwa na mchwa, imekatika, na darasa zima limekaa kwenye nyasi likisubiri. Mzee akatazama upande huu, akatazama upande ule. Mtoto wa mkuu wa shule chini, mtoto wa bwana shamba chini, wote wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Mbona simwoni?” akaniuliza polepole. “Yule wangu ni yupi?”

Nilikuwa bado sijamwonyesha. Sauti ikatoka katikati ya wenzake.

“Shikamoo, baba. Hiyo kamba yako ina nguvu?”

Mzee akaweka mkono juu ya keria. Kisha mzee akaanza kufungua fundo. Akaifunga kamba mwenyewe kwenye nguzo zote mbili, kwa fundo la wavuvi, akaivuta mpaka ikalia. Hapo ndipo nilipopumua. Valeria akaanzisha mpira. Ukampita mtoto wa mkuu wa shule sikioni, na Mzee Dionisi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Jioni nikamsindikiza hadi barabarani. Keria ilikuwa tupu.

“Kamba je, mzee?”

“Iacheni ifanye kazi,” akasema, akapanda baiskeli. “Shule zikifungwa nitakuja na nyingine ya kufungia sanduku. Na zikifunguliwa, nitamrudisha kwa hiyo hiyo.”